Maporomoko ya Kitambaa

Kahama ina vumbi la kumtosha kila mwenyeji na likabaki la kuwagawia wageni. Ndiyo maana Justa, aliposhuka kwenye basi la kutoka Geita asubuhi ya siku ya soko na kukuta maporomoko ya maji kando ya barabara, alijua usingizi wa safari haujamtoka. Akafikicha macho. Maji yalikuwa palepale, meupe, mengi, yakimwagika kutoka kwenye mwamba mweusi hadi kwenye bwawa la buluu, na pembeni yake migomba ya kijani isiyojua kiangazi ni nini. Yalikuwa yameanikwa kwenye uzio wa waya, mkabala na mashine ya kusaga, yakabanwa na vibanio vya nguo.

Mwenye mkokoteni aliyembebea mzigo hakuwa na muda wa kustaajabu. Alishusha magunia ya dagaa, akayaegemeza hapohapo kwenye bwawa la buluu, akaenda zake kunywa uji.

"Dada, samahani," sauti ilisema nyuma ya Justa, ya taratibu kama ya mtu anayeongea kanisani. "Umeegemeza dagaa kwenye maporomoko yangu."

Justa aligeuka. Alimwona kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe la mikono mirefu limepigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, lakini chini ana kandambili na suruali imekunjwa magotini, povu la sabuni ya unga limemkaukia miguuni.

"Yako? Uliyanunua kwa nani?"

"Nimerithi."

"Wenzako wanarithi ng'ombe."

"Ng'ombe walikufa kwa ukame. Haya hayakauki."

Justa alimtazama tena. Yeye siku hiyo alikuwa na gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri, kilemba cha rangi ileile, na khanga kiunoni ya kulinda gauni lisishike harufu, ingawa harufu ya dagaa haijawahi kuiheshimu khanga.

"Basi waache waegemee," alisema. "Wametoka majini, wamekaushwa, wamesafirishwa usiku kucha. Kuona maji tena si haba."

"Hao ni wa ziwani. Haya ni maji ya mto. Hawatayazoea." Kijana aliinama, akaliinua gunia la kwanza kwa uangalifu, kama anambeba mgonjwa. "Nikimaliza kuwahamisha, njoo studio nikupige picha."

"Sipigwi picha na mtu niliyefahamiana naye kwa ajili ya dagaa."

"Kwani ulitaka tufahamiane kwa ajili ya nini?"

Justa aliikaza khanga iliyokuwa imekazwa tayari. Ndivyo mapenzi yalivyo, hayana adabu, yanakukuta una khanga kiunoni na mikono inanuka. Mpaka leo, akisikia harufu ya sabuni ya unga iliyochanganyika na dagaa, harufu ambayo mtu mwingine angeifungia dirisha, Justa husimama kidogo.

*

Kijana aliitwa Nkwabi. Studio yake ilikuwa chumba kimoja jirani na saluni ya Mwanaima, chumba kilichokuwapo kabla ya simu zote zilizopo mji ule. Kilianzishwa na marehemu baba yake, mzee Maganga, enzi za filamu, wakati mtu akipigwa picha leo anaiota mpaka ikitoka kusafishwa. Zamani zile watu wa Buzwagi, kabla mgodi haujaja na uzio wake, walikuja kwa baiskeli, viatu wameshika mkononi visichafuke, wakavivaa mlangoni. Waliazima koti la studio, la buluu lenye vifungo vya dhahabu, wakajipaka mafuta usoni mpaka wakang'aa, wakasimama wima kama wameambiwa na daktari.

Mapazia ya kusimama mbele yake yalikuwa manne. La ndege, la ghorofa lenye gari jekundu, la mji wa Makka, na la maporomoko. Mengine yote panya walikuwa wameyala kingo kwa sababu yalikaa yamekunjwa. La maporomoko halikuwahi kupata nafasi ya kuliwa.

"Kwa nini wote wanataka hili?" Justa aliuliza siku ya soko iliyofuata. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, anakula karanga, amesahau kwamba alisema anapita tu kusalimia.

"Ndege wanaipenda vijana," Nkwabi alisema. "Ghorofa wanalipenda wanaodai wametoka Dar. Lakini mtu anayeoa, mtu aliyetoka hospitali, mtu ambaye mahindi yake yamekauka yote, huyo hataki kingine. Anataka maji yamwagike nyuma yake kama hayataisha. Mama mmoja aliniambia, mwanangu, nipige hapo, nikifa waseme niliwahi kushiba maji."

"Na nyinyi wapiga picha? Naona hata kwenye simu yako umejaza maporomoko tu."

Macho ya Nkwabi yaliwaka. Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuongea kwa mikono, na hapo ndipo Justa alipoona kuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kifupi. Mashine ya kukatia picha ilikimega alipokuwa mdogo.

"Tunayapenda kwa sababu yanakimbia na bado yako palepale. Niambie kitu kingine cha hivyo. Ukifumba na kufumbua jicho la kamera haraka, unapata matone yamesimama hewani kama shanga zilizokatika uzi. Ukiliacha wazi kidogo, matone yanapotea, maji yanakuwa kama maziwa yanayomiminwa. Mwamba umetulia, maji yanatembea, na wewe umevibeba vyote kwenye karatasi moja. Na mwanga ule wa asubuhi ukipita kwenye mvuke, Justa..."

"Uliyapiga wapi?"

Nkwabi alichukua karanga moja, akaimenya maganda yasiyokuwapo.

"Nkwabi. Uliyapiga wapi?"

"Nimesoma. Na kutazama video."

"Hujawahi kuyaona?"

"Hata baba hakuyaona. Alichora pazia kutoka kwenye kalenda ya ukutani."

Justa alicheka mpaka Mwanaima akachungulia kutoka saluni, kitana mkononi, kuuliza kama kuna usalama. Watu maelfu wamesimama mbele ya maporomoko ndani ya chumba hiki, na mwenye maporomoko hajui hata yanalia vipi. Alicheka, akafuta machozi, kisha akaona Nkwabi naye anacheka, lakini kwa mdomo tu. Akaacha.

"Sasa malori yote haya yanayopita hapa Kahama yanakwenda wapi?" alisema, kwa upole ambao ulimshangaza mwenyewe. "Si Rusumo, mpakani na Rwanda? Na Rusumo si kuna maporomoko? Panda moja uende."

"Nitakwenda. Nataka niende na mtu."

"Mtu gani?"

"Anayenuka dagaa."

Alimrushia punje ya karanga. Lakini aliporudi Nkome, kijijini kwao kando ya ziwa, jioni ile, mama yake alimuuliza kwa nini anaanua dagaa huku anaimba.

*

Simu zikaanza. Wakati wenzake wanageuza dagaa kwenye nyavu na ndege weupe wanawazengea, Justa alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega.

"Mama dagaa."

"Naam, bwana maporomoko."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula ugali na picha yako."

"Picha yangu hunayo, nilikataa kupigwa."

"Ndiyo maana sijashiba."

Hayo ndiyo maneno waliyokuwa wakipoteza salio kwa ajili yake, na mtu ambaye hajawahi kupoteza salio kwa maneno ya hivyo namwonea huruma. Mvua za vuli zikaja, zikapita. Mvua za masika nazo zikachungulia. Kila wiki ya soko Justa alileta dagaa Kahama, na kila wiki alikuta maji ya kunawa yenye limao yamewekwa kwenye beseni nyuma ya pazia, na kila wiki safari ya Rusumo iliahirishwa kwa sababu ya harusi ya mtu fulani iliyohitaji kupigwa picha.

Huko Nkome, mambo hayakuahirishwa. Eustace, mwenye mitumbwi, alituma dada zake kwa mama yake Justa kumposa. Eustace alikuwa amefiwa na mke, mpole, hanywi, kanisani anakaa mbele. Ukimtafutia kasoro utaipata moja tu, hakuwahi kumchekesha Justa. Dada zake walisema watarudi Jumapili baada ya ibada kuchukua jibu.

"Huyo wa Kahama unayemchekea kwenye simu," mama alisema, anachagua mchele, hainui kichwa, "ana ulimi wa kuongea na mimi? Au anaongea na wewe tu?"

"Anao, mama."

"Basi nimsikie kabla ya Jumapili. Mimi sina ugomvi na mtu wa Kahama. Nina ugomvi na mtu asiyeonekana."

Ndipo Justa akapanda basi siku isiyokuwa ya soko. Alivaa gauni jipya la rangi ya zambarau, akabeba sato wa kukaanga kwenye hotpoti, na njiani aliyapanga maneno: Nkwabi, mama anataka kukusikia, twende.

*

Studio ilikuwa wazi, Nkwabi hayupo. Kompyuta ilikuwa imewashwa. Justa alikaa kwenye kiti cha mwenye studio, kwa mzaha, ili akirudi amkute bosi mpya. Akatazama kioo.

Ilikuwa picha ya familia. Nyuma, maporomoko. Kushoto mwanamke wa rika la Justa, kitenge kipya, shingo nyoofu, macho yana jambo. Mbele yake msichana mdogo mwenye riboni nyeupe. Kulia, ndani ya koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu, mkono wa kushoto begani kwa mwanamke na wa kulia umeshikwa na mtoto, alikuwa Nkwabi. Anatabasamu.

Justa alisimama. Akaenda saluni.

"Mwanaima, shoga yangu. Kuna mama ana mtoto wa riboni anakuja hapa?"

"Mama Blessing? Wa Samuye?" Mwanaima alikuwa na uzi mdomoni, anasuka. "Anakuja sana siku hizi. Juzi nimemsuka mtoto bure, kana nywele laini. Kwa nini?"

"Basi tu."

Nkwabi alimkuta mlangoni mwa studio, ana pakiti ya karatasi za picha kwapani. Uso wake ukafurahi kwanza, kisha ukaangalia kompyuta, kisha ukafanya jambo baya kuliko yote ambayo uso wa mwanamume unaweza kufanya. Ukaogopa. Akapita haraka, akakifunga kioo.

"Ni nani?" Justa aliuliza.

"Mteja."

"Wateja unawashika mabega?"

"Justa, hilo siwezi kulizungumza."

"Mtoto ni wa nani?"

"Wa baba yake."

"Nkwabi, mimi nimetoka Nkome alfajiri. Usinichezee."

"Sikuchezei. Kuna mtu mwingine ndani ya jambo hili, na nimempa neno langu. Niamini tu."

"Nikuamini nini? Hujaniambia kitu cha kuamini."

Nkwabi alifungua mdomo. Sauti yake, ambayo hata siku za kawaida ilikuwa ndogo, haikutoka kabisa. Justa alisubiri, na kwa kweli alisubiri zaidi ya inavyostahili. Kisha akachukua hotpoti la sato. Alikuwa na hasira, lakini si kiasi cha kumwachia samaki.

Simu iliita akiwa amefika Katoro.

"Justa, usikate."

"Sikati. Nisikilize nini?"

"Yule mama aliniomba kitu na kuniapisha nisiseme. Nikikuambia leo wewe, kesho utanikabidhije la kwako?"

"Mtoto amekushika mkono, Nkwabi."

"Nilimwambia anishike."

"Ulimwambia akuite nani?"

"Nilimwambia atabasamu tu."

"Haya. Endelea kutabasamu na familia yako."

Akakata. Nje ya dirisha wachimbaji wenye matope mpaka kope walikuwa wanavuka barabara wakitaniana, mji umejaa sauti za watu na spika, na Justa aliweka hotpoti mapajani akalia kimya, harufu ya sato ikimpanda puani. Abiria wa pembeni alidhani amefiwa, akampa pole. Aliipokea.

Mama alipouliza, alijibu kwamba Jumapili dada zake Eustace waje.

*

Ijumaa wingu jeusi lilijitokeza upande wa ziwa, na Nkome yote ikakimbilia dagaa. Justa alimsaidia jirani yake Mariana kuanua, wakaingiza mabeseni ndani mbio, mvua ikawafungia humo humo sebuleni. Mariana alikwenda kuchochea chai. Justa alibaki anapangusa uso kwa khanga, na macho yakatua ukutani.

Picha ile alikuwa ameiona kila siku tangu itundikwe. Mariana na mumewe, maporomoko nyuma. Nani hana picha ya maporomoko nyumbani kwake? Huitazami tena, kama usivyoutazama msumari ulioitundikia. Lakini sasa alilijua pazia lile, migomba yake na bwawa lake. Akasogea. Mume wa Mariana alivaa koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa begani kwa mkewe, na kidole kidogo cha mkono ule kilikuwa kifupi.

"Mariana. Mume wako ana vidole vyote?"

"Anavyo. Kwa nini?"

"Hii picha mlipiga lini? Si ilitundikwa mwaka ule alipokuwa kwenye mashimo ya dhahabu Nyarugusu, hata simu hapigi?"

Mariana alitoka jikoni, akavuta pazia la mlangoni ingawa nje hakukuwa na mtu ila mvua.

"Usimwambie mtu," alisema. "Mama mkwe alikuwa anatangaza kwamba mwanawe amenikimbia, eti nina mkosi. Nikachukua picha ya mume wangu ya kitambulisho, nikaenda Kahama. Kuna kijana pale studio. Akavaa koti, akasimama na mimi, kamera ikajipiga yenyewe. Baadaye akakitoa kichwa chake kwenye kompyuta, akaweka cha mume wangu. Nikampelekea mama mkwe nakala, akanyamaza. Mume wangu aliporudi akaiona, akaniuliza, hivi mimi hili koti nililivaa lini?"

"Na huyo kijana alikushika bega?"

"Bega? Aliligusa kama anagusa sufuria ya moto. Nikamwambia, kaka, mume hashiki hivyo. Akasema, dada, mimi nakaimu tu."

Justa alikaa juu ya beseni la dagaa bila kujua.

"Akaniapia hatamwambia mtu," Mariana aliendelea. "Nikamuuliza, hata ukioa? Akasema hata nikioa. Maana aibu hii ni yangu, si yake kuigawa. Wanawake wengi tumepita pale, Justa. Nyarugusu, Katoro, wote wenye waume walioingia ardhini wakasahau kupiga simu."

Justa alianza kucheka. Alicheka mpaka chai ikachemka ikamwagika, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, na Mariana akamshika mabega kwa namna ambayo mume anapaswa kushika. Kumbe mwili wa mpenzi wake ulikuwa umeoa nusu ya mkoa wa Geita, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado.

Mvua ilipopungua alipiga simu. Haikupatikana. Akampigia Mwanaima.

"Kafunga studio tangu juzi," Mwanaima alisema. "Kapanda lori la kwenda Rusumo. Kasema anakwenda kuona kama kweli yapo. Ulimfanya nini kaka wa watu? Shati halijapigwa pasi."

Alipiga tena, na tena, mpaka ikaita. Kilichosikika kwanza hakikuwa sauti ya mtu. Kilikuwa mngurumo, mzito, usiovuta pumzi.

"Haloo?"

"Kelele gani hizo, Nkwabi?"

"Maji." Aliielekeza simu kwenye mngurumo, akairudisha. "Yapo, Justa. Si meupe. Si ya buluu. Ni ya kahawia, kama chai iliyokolea majani. Baba alikosea rangi yote."

"Nkwabi, nimejua."

"Umejua nini?"

"Sisemi. Ni siri ya mtu."

Justa alimpa Mariana mgongo.

"Si yule niliyemwona kwenye kompyuta," Justa aliongeza. "Ni mwingine. Yule sikuulizi. Nimekukosea, na ninaomba radhi."

"Na mimi nilifunga kioo kama mwizi. Ningekuambia hata nusu."

"Umepiga picha?"

"Sijapiga hata moja. Nimekaa hapa tangu jana mchana. Kila nikiinua kamera naona pale mbele hakuna mtu. Maporomoko bila mtu mbele yake mimi sijui kuyapiga, Justa. Sikufundishwa."

Justa alitazama dagaa wa Mariana, alitazama ziwa, maji yote yale yaliyotulia aliyoyaona tangu azaliwe na hayakuwahi kumkimbiza kokote.

"Usipige," alisema. "Nakuja."

Ya Mama Blessing hakuuliza, na mpaka leo hajauliza. Wewe msomaji nakunong'oneza, lakini usiyapeleke Samuye. Kule kulikuwa na bibi kitandani, mgonjwa, anayeulizia mwanawe Davis kila asubuhi, na Davis alipotelea machimboni. Mkwewe, huyo Mama Blessing, alitaka amwonyeshe mwanawe amesimama na familia yake, kanenepa, kavaa koti. Bibi alilala na picha ile kifuani. Basi.

*

Jumamosi Justa alimwambia mama yake ukweli wote unaosemeka. Amemkosea mtu, anamfuata.

"Na wageni wa kesho?"

"Wakifika nipigie, mama. Nitakuwa na jibu lao kwa heshima. Nisipokuwa nalo, nitarudi na kukubali utakalosema."

Mama akamfungia viazi vya njiani.

Justa alipitia Geita, Katoro, Biharamulo, akalala huko kwenye nyumba ya wageni yenye chandarua chenye matundu, asubuhi akaendelea, vilima vikaanza kuinuka, hewa ikawa na ubaridi, ndizi zikaongezeka. Alishuka Rusumo mchana, malori yamepanga foleni, madereva wamekaa kivulini wanacheza karata. Aliusikia mngurumo kabla ya kuona chochote. Akaufuata.

Nkwabi alikuwa juu ya jiwe mahali watu wanaposimama kutazama. Shati limekunjamana, ndevu zimechomoza, lakini kandambili ni zilezile. Aliinuka. Hawakukumbatiana, madereva walikuwa wanatazama. Walisimama tu karibu, mvuke wa maji unawanyeshea wote wawili.

"Yananyesha," Justa alisema.

"La studio halinyeshi. Sikujua. Kioo cha kamera kinajaa maji, nikikifuta kinajaa tena."

Justa alikifuta kwa ncha ya khanga yake. Akaenda akasimama mbele ya maji ya kahawia, kilemba kimeshaanza kulowa.

"Nikae vipi?"

"Tulia. Nitaliacha jicho wazi kidogo. Usipumue."

Akashika pumzi. Akamwona jinsi anavyoinama kwenye kamera, mtu mzima aliyeketi mbele ya kitambaa maisha yake yote, masikio yamesimama kwa makini, na kicheko kikamtoka.

"Umetikisika," Nkwabi alisema, anatazama picha. "Umekuwa maji."

"Acha hiyo kamera. Njoo usimame na wewe."

"Nani atapiga?"

"Asipige mtu. Njoo."

Aliiweka kamera kwenye begi. Akaja. Mkono wake wa kushoto ukaenda begani kwa Justa, na safari hii haukugusa kama sufuria ya moto. Ulikaa hapo kwa uzito wake wote. Hakuna aliyewaambia watabasamu.

Simu ikaita. Justa aliipokea, akaweka sauti kubwa maana bila hivyo hakuna ambacho kingesikika.

"Wageni wameshakaa," mama alisema. "Nimewapa soda. Uko wapi, mbona kama mvua ya mawe?"

"Niko Rusumo, mama. Kuna mtu hapa anataka kukuamkia."

Akampa simu. Nkwabi aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikusikii. Ongea kwa sauti."

Justa alimtazama. Aliiona ile hofu ya studio inapita usoni kwake, ikatafuta pa kukaa. Nkwabi akavuta pumzi, akajaza kifua, na sauti ambayo hakuna mteja wa Kahama aliyewahi kuisikia ikatoka juu ya maji, juu ya injini za malori.

"Mama, naitwa Nkwabi, mtoto wa marehemu Maganga, mpiga picha wa Kahama. Sina ng'ombe. Nampenda binti yako. Naomba nije nyumbani na wajomba zangu nimchumbie. Na wageni walioko hapo, naomba radhi kwao, sikukusudia kuwavunjia heshima."

Madereva waliacha karata. Mmoja alivua kofia, hata yeye hakujua kwa nini. Kwenye simu zilisikika sauti za wanawake, kiti kikasogezwa, mtu akakohoa. Justa alikishika kifundo cha mkono wa Nkwabi, akausikia mshipa unavyopiga.

"Nimekusikia," mama alisema mwishowe. "Hawa wageni nitaongea nao mimi." Kisha sauti yake ikawa ya chini, ya jikoni. "Mmeshakula huko?"